Jedwali la mistari 1,500: uchambuzi wa kisa cha PostgreSQL katika kampuni ya malori, Lubumbashi

Kampuni ninayoizungumzia husafirisha shaba na kobalti kutoka Kolwezi na Likasi, kupitia Lubumbashi, hadi mpaka wa Kasumbalesa, ambako mizigo huingia Zambia na kuendelea na safari ya bandarini. Jina lake silitaji, kwa kuwa makubaliano yetu hayaniruhusu. Ina malori 1,500, ukijumlisha yake yenyewe na ya wenye malori wadogo wanaofanya kazi chini ya mkataba wake. Ina mizani ya malori katika vituo vinne, maghala, karakana, na watu wapatao 900 ambao kila asubuhi hufungua programu ya kazi ili kupanga safari, kupima mizigo au kuandika fakture, yaani ankara. Kwa miaka mingi data yote ilikaa katika hifadhidata ya kibiashara ambayo leseni yake hulipwa kwa idadi ya viini vya prosesa. Leseni ilipokaribia kwisha, mkurugenzi wa fedha, mzee ambaye ofisi nzima humwita Papa, aliniandikia swali moja: je, PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo haina malipo ya leseni, inaweza kubeba kampuni ya ukubwa huu, au ni chombo cha wanafunzi? Nilipewa miezi miwili ya kujibu.

Nilipokutana mara ya kwanza na watu wa idara ya kompyuta, neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa "kubwa". Data yetu ni kubwa, mzigo ni mkubwa, kampuni ni kubwa. Hakuna aliyetaja tarakimu hata moja, na sikuwalaumu, kwa maana mtu aliyezoea kununua leseni kwa ukubwa wa mashine huishia kuupima ukubwa kwa bei. Lakini huwezi kuamua kama chombo kitatosha kabla hujajua ni kiasi gani kinaingia kwa sekunde, ni kiasi gani kinabaki kwa mwaka, ni watu wangapi wanashika kwa wakati mmoja, na ni maulizo gani yanayopita juu ya data nyingi kwa mpigo. Siku ya kwanza nzima tuliitumia kuhesabu, kwa kalamu na karatasi.

Kila lori lina kifaa kinachotuma mahali lilipo kila baada ya sekunde 30. Kwa hiyo malori 1,500 hutoa taarifa 50 kwa sekunde, yaani 4,320,000 kwa siku, na kwa mwaka mistari bilioni 1.58. Tarakimu hiyo ya mwisho iliposomwa chumba kilinyamaza, na naibu mkuu wa idara akasema kwamba basi jibu limekwisha kupatikana: haiwezekani. Mimi niliona kinyume chake. Taarifa 50 kwa sekunde ni kazi nyepesi kwa seva yoyote ya siku hizi yenye diski nzuri. Bilioni hututisha kwa sababu tumezoea kuisikia katika habari za madeni ya serikali. Hifadhidata yenyewe haijali idadi hiyo, inajali baiti na njia ya kuzifikia.

Tukahesabu baiti. Katika PostgreSQL kila mstari hubeba kichwa cha baiti 23, kinachosogezwa hadi 24, pamoja na kielekezi cha baiti 4 ndani ya ukurasa wa kilobaiti 8. Jedwali la mahali pa malori lilikuwa limepangwa kwa mfuatano wa fomu ya zamani: namba ya lori, saa, mwendo, latitudo, longitudo, na alama ya kuonyesha kama injini inawaka. Thamani za baiti 8 hulazimika kuanza mahali panapogawanyika kwa 8, kwa hiyo mpangilio ule uliacha mianya katikati na mstari mmoja ukala baiti 76. Tulipotanguliza thamani za baiti 8 na kuziweka ndogo mwishoni, mstari uleule ukawa baiti 60. Tofauti ya baiti 16, ukiizidisha kwa mistari ya mwaka mzima, ni gigabaiti 25 zilizookolewa pasipo kufuta chochote. Kwa mpangilio mpya mwaka mmoja unachukua takriban gigabaiti 95 za data na kama 50 za faharasa ya lori na saa, yaani orodha ya pembeni inayosaidia kuupata mstari haraka. Miaka mitano haifiki terabaiti moja, na jedwali moja la PostgreSQL lenye kurasa za kawaida linaruhusiwa kufika terabaiti 32. Kwa upande wa ujazo, basi, swali la Papa lilijibiwa kabla ya chakula cha mchana.

Papa hakuridhika na hesabu za karatasi, na alikuwa na haki. Alitaka kujua ni nani mwingine ameitegemea. Neno lake la "wanafunzi" lilikuwa na chembe ya ukweli: mradi wa POSTGRES ulianza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker, na wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, ndio walioutia SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, katikati ya miaka ya 1990 kabla haujaitwa PostgreSQL mwaka 1996. Nilimwonyesha Instagram, iliyokua juu ya hifadhidata hii kwa kuigawa data katika maelfu ya vipande na kuipa kila picha namba ya biti 64 ambayo ndani yake biti 13 hutaja kipande chenyewe. Nilimwonyesha Notion, programu ya kuandikia na kupangia kazi, iliyoeleza mwaka 2021 jinsi ilivyogawa data yake katika vipande 480 juu ya seva 32. Nikaweka pia mfano wa kinyume, maana ripoti isiyo na upande wa pili ni tangazo la biashara: mwaka 2016 wahandisi wa Uber, kampuni ya teksi za kuitwa kwa simu, walieleza hadharani kwa nini waliiacha PostgreSQL wakaenda MySQL, hifadhidata nyingine huria, na miongoni mwa sababu zao ilikuwa kwamba kubadilisha mstari mmoja huandika toleo jipya la mstari huo na kuzigusa faharasa zake zote. Niliuwekea ukurasa huo alama, na baadaye tuliurudia.

Mama anayesimamia uhasibu alikuwa amesikiliza yote hayo kimya, kisha akauliza: "Na huku kwetu, ni nani anayeitumia?" Lilikuwa swali bora kuliko yangu yote. Mfumo wa taarifa za afya wa nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, unatumia DHIS2, programu huria iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na DHIS2 hukaa juu ya PostgreSQL. Kanda zetu za afya ni 519, na ripoti zao hupitia humo. Hata hivyo nilimweleza mama kwamba mfano huo unathibitisha jambo moja tu: kwamba hapa nchini kuna watu wanaojua kuitunza. Takwimu za afya kwa sehemu kubwa hukusanywa kwa mwezi, na mzigo wa namna hiyo haufanani na malori yanayosema mahali yalipo mchana na usiku.

Kabla yangu alikuwako fundi mwingine, wa nje, aliyeajiriwa kufanya jaribio la kasi. Ripoti yake ilikuwa na tarakimu za kupendeza mno, na tarakimu za kupendeza mno hunitia shaka. Nilipofungua faili la usanidi nilikuta ameizima fsync, yaani ile kanuni inayoilazimisha hifadhidata kuhakikisha kwamba muamala, yaani kazi moja ya kusoma au kuandika inayokamilika yote au isikamilike kabisa, umefika kwenye diski kabla ya kumwambia mtumiaji kwamba umekamilika. Ukiizima, seva hukimbia kama mtu aliyetua mzigo wa wengine njiani. Katika jiji ambalo umeme hukatika bila kuaga, ambapo kila ofisi ina grupu yake, yaani jenereta, uani na ondulere, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, chini ya meza, jaribio la namna hiyo halipimi chochote kinachoweza kutumika. Tulilirudia fsync ikiwa imewashwa. Kasi ikashuka sana, na bado ikabaki mbali juu ya mahitaji yetu. Kisha tukafanya lile ambalo fundi yule hakulifanya: tukachomoa waya wa umeme wakati seva inaandika, mara kumi, huku kompyuta nyingine pembeni ikiandika orodha ya kila muamala uliothibitishwa. Diski za bei nafuu zilipoteza miamala iliyokwisha kuthibitishwa. Diski zenye kinga ya kukatika kwa umeme hazikupoteza hata mmoja. Diski hizo ndizo zilizokuwa gharama ya kwanza katika pendekezo langu, na Papa hakubisha, kwa sababu alikuwapo waya ulipochomolewa.

Suala la watu 900 lilikuwa jepesi kuliko lilivyoonekana. Katika PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato kamili wa mashine, na idadi inayoruhusiwa ikiwa hujagusa kitu ni 100. Programu ya kampuni ilifungua muunganisho mmoja kwa kila mtu na kuushikilia toka asubuhi hadi jioni, ingawa mtu wa mizani huuliza jambo mara moja kwa dakika kadhaa. Idara ilikuwa imejibu tatizo hilo kwa kupandisha kikomo hadi 2,000, na kwa kuwa mtu mwingine alikuwa amepandisha pia kumbukumbu ya kupanga data kutoka megabaiti 4 hadi 256 kwa kila hatua ya kila ulizo, maulizo 64 ya pamoja yangeweza kudai gigabaiti 16 kwa dakika moja. Tuliweka PgBouncer katikati, chombo kilichozaliwa Skype, ambacho hupokea watu wote mlangoni na kuwapitisha juu ya miunganisho michache halisi. Miunganisho 40 ilitosha. Ni kweli kwamba toleo la 14 la mwaka 2021 lilipunguza sana gharama ya miunganisho mingi, lakini kushikilia kitu usichokitumia ni uharibifu hata pale unapovumilika.

Sasa nifike mahali palipotuumiza. Katika juma la tatu tulielekeza mtiririko halisi wa taarifa za malori kwenye seva ya majaribio, na wapangaji wa safari wakaanza kutumia skrini mpya sambamba na ya zamani. Jumatatu asubuhi walifika wakakuta skrini mpya inasubiri sekunde nyingi kabla ya kuonyesha ramani. Kila mtu alikimbilia jedwali la bilioni. Lilikuwa linajibu kama siku zote. Lililolemewa ni jedwali dogo kuliko yote, lile la hali ya sasa, lenye mstari mmoja kwa kila lori, mistari 1,500 kwa jumla, ambalo likihifadhiwa upya lote hutosha katika kilobaiti mia chache. Lilikuwa limevimba hadi likapita gigabaiti moja.

Kuelewa sababu kunahitaji kujua kwamba PostgreSQL haibadilishi mstari palepale ulipo. Kila badiliko huandika toleo jipya la mstari na kuliacha la zamani mahali pake, ili muamala ulioanza mapema uendelee kuiona hali ya wakati wake. Baadaye msafishaji wa ndani hupita na kuondoa matoleo yasiyoweza kuonekana tena na yeyote. Jedwali la hali ya sasa lilibadilishwa mara 50 kwa sekunde, na juma zima msafishaji aliimudu kazi yake bila sisi kumtambua. Lakini Ijumaa saa kumi na moja jioni mama mmoja wa takwimu alifungua ripoti ya mwezi. Programu ya ripoti ilianza muamala katika kiwango cha utengano kinachohakikisha kwamba jumla zote zinatoka katika picha moja ya data, ikasoma ilichotaka, kisha ikabaki imekaa, muamala ukiwa wazi, ikimsubiri mama abonyeze kitufe. Mama alifunga mlango wa ofisi akaenda nyumbani. Kompyuta ilibaki imewaka.

Kuanzia hapo msafishaji hakuwa na ruhusa ya kuondoa toleo lolote lililozaliwa au kufa baada ya Ijumaa jioni, maana picha ya mama bado ilikuwa hai na angeweza kuuliza. Hadi Jumatatu saa moja asubuhi zilipita saa 62. Mabadiliko 50 kwa sekunde kwa saa 62 ni matoleo 11,160,000 yaliyokufa bila kuzikwa, na skrini ya wapangaji ililazimika kupita katikati yake ili kuyafikia 1,500 yaliyo hai. Tulipofunga muamala wa mama na kulipanga upya jedwali, kazi hiyo ilichukua sekunde chache tu, skrini ikarudi kuwa ya papo hapo.

Hapa ndipo ukurasa wa Uber uliporudi mezani. Jedwali lile lilikuwa na faharasa juu ya saa ya taarifa ya mwisho, ambayo hubadilika kila mara. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008, PostgreSQL ina njia ya mkato: ikiwa hakuna thamani yenye faharasa iliyobadilika, na ukurasa una nafasi, toleo jipya hukaa katika ukurasa uleule na faharasa haziguswi kabisa. Faharasa ile moja, isiyo na faida yoyote kwa mistari 1,500, iliiziba njia hiyo. Tukaiondoa; tukaagiza kurasa za jedwali ziachwe nusu tupu; tukaweka kikomo cha dakika kumi kwa muamala unaokaa bila kufanya kazi; na tukaweka kengele inayomwamsha mtu kila muamala unapozidi saa moja. Naibu mkuu wa idara alitaka niandike kwamba hifadhidata ya zamani isingekuwa na tatizo hilo. Sikuandika hivyo. Zipo hifadhidata za kibiashara zinazoweka matoleo ya zamani mahali pa pembeni, na pakijaa humkatalia msomaji kwa kumwambia kwamba picha yake imechakaa. Huko angeumia mama wa takwimu. Huku waliumia wapangaji. Tatizo ni lilelile, tofauti ni nani anayelibeba, na kwa kampuni inayoishi kwa skrini ya wapangaji tofauti hiyo si ndogo.

Kisa hicho kilitufungulia kingine ambacho hakijatokea bado. Kila muamala unaoandika hupewa namba ya biti 32, na namba hizo huzunguka: unaweza kusonga mbele kama bilioni 2.1 kabla ya za zamani kuonekana kana kwamba ni za wakati ujao. Ili lisifike hapo, msafishaji huzigandisha namba za zamani, na hulazimishwa kufanya hivyo jedwali linapofikia umri wa miamala milioni 200. Mpango wa awali ulimpa kila taarifa ya lori muamala wake, yaani 4,320,000 kwa siku, kwa hiyo ugandishaji wa lazima ungekuja kila baada ya siku 46, na endapo kitu kama muamala wa mama kingeuzuia, ukuta wenyewe ungefikiwa ndani ya siku 500 hivi. Hilo si jambo la kufikirika: Sentry, huduma ya kufuatilia hitilafu za programu, ilisimama kwa sababu hiyo mwaka 2015, na Mandrill, huduma ya kutuma barua pepe, mwezi wa pili wa 2019. Tulibadilisha programu inayopokea taarifa za malori ikusanye taarifa za sekunde 5 na kuziandika kwa pamoja, miamala ikashuka hadi 17,280 kwa siku. Ukihesabu miamala hiyo peke yake, milioni 200 sasa zinahitaji zaidi ya miaka 30.

Ripoti tulizihamishia kwenye seva ya pili inayofuata ya kwanza kwa mtiririko, uwezo uliokuwepo tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010. Siku hiyohiyo ripoti zikaanza kufa njiani zikiwa na ujumbe kwamba zimegongana na urejeshaji. Seva mfuatizi, ikipokea agizo la kuondoa toleo ambalo msomaji wake bado analihitaji, humvumilia kwa sekunde 30 kisha humkata. Ziko njia mbili: kuiambia seva kuu isubiri wasomaji wa seva mfuatizi, au kuiacha seva mfuatizi ichelewe. Njia ya kwanza ingeurudisha muamala wa mama mlangoni kwetu kwa barabara ndefu zaidi, kwa hiyo tulichagua ya pili. Ripoti ya mwezi haidhuriki kwa kuchelewa saa mbili.

Niseme kwa ufupi juu ya ugawaji wa jedwali kubwa. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017 unaweza kuligawa kwa tarehe kwa agizo la kawaida, na data ya mwezi uliopitwa na wakati ikaondolewa kwa kung'oa kipande kizima badala ya kufuta mistari milioni 130 mmoja mmoja. Kilichotuchelewesha ni saa ya nchi yetu. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa, ambako ndiko kuna ofisi ya pili ya kampuni, na vipande vya kwanza vilikatwa usiku wa manane wa yule aliyeandika programu, bila kusema ni usiku wa wapi. Matokeo yake jumla za tani za siku hazikulingana kati ya ofisi mbili, na watu walikuwa wameanza kushukiana wizi.

Jambo lililochukua muda mwingi kuliko yote ni urejeshaji. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu za watu, alifuta kwa bahati mbaya data ya seva kuu ya PostgreSQL, na ndipo ilipogundulika kwamba nakala zilizodhaniwa kuwepo hazikuwepo au hazikufaa. Walirudi kwenye picha ya saa sita kabla. Niliwasomea watu wa idara maelezo hayo, ambayo kampuni yenyewe iliyaweka wazi, kisha nikawaomba wanirejeshee nakala yao ya wiki iliyopita. Faili lilikuwepo. Kulirudisha kulichukua usiku mzima na sehemu ya asubuhi, kwa sababu nakala ya maandishi hulazimika kujenga upya kila faharasa. Tulihamia kwenye nakala ya faili zenyewe pamoja na daftari la mabadiliko, WAL, ambalo huruhusu kurudi hadi dakika unayoitaka, na urejeshaji ukaingia ndani ya saa za kazi.

Seva ya tatu, yenye nakala inayofuata seva kuu, iliwekwa Likasi. Wiki ya pili wachimbaji wa barabara walikata nyaya za mawasiliano, na seva kuu, kwa uaminifu wake, ikaanza kuitunzia Likasi kila ukurasa wa daftari ambao haujapokelewa, hadi diski ikakaribia kujaa. Usipoweka kikomo, itaendelea hivyo mpaka isimame yenyewe. Toleo la 13 la mwaka 2020 lilileta kikomo hicho. Tulikiweka, tukijua kwamba mawasiliano yakikatika muda mrefu Likasi italazimika kujengwa upya.

Ripoti yangu kwa Papa ilisema ndiyo, na ikaeleza mwisho wa ndiyo hiyo. Uandishi wote hupita katika seva kuu moja. Malori yakiongezeka mara tatu, au vifaa vikituma kila sekunde moja, seva hiyo itamudu. Lakini ikiwa kampuni itataka Lubumbashi na Kinshasa ziandike kila moja kwake huku mawasiliano yamekatika, na baadaye zipatane zenyewe, basi jibu ni hapana kwa mfumo huu jinsi ulivyo, na hapo itabidi kuanza hesabu upya. Niliandika pia kwamba fedha ya leseni haitabaki yote sandukuni: sehemu itakwenda kwenye diski, sehemu kwenye mkataba wa msaada, na sehemu kubwa kwenye mishahara ya watu wawili ambao kazi yao ni kuiangalia hifadhidata hii na si kutengeneza printa za ofisi. Papa alipigania sehemu hiyo ya mwisho kwa siku nne. Alitaka mtu mmoja. Tulipomuuliza nani atajibu kengele mtu huyo akiwa mgonjwa, alitia sahihi. Wote wawili walipatikana hapahapa jijini, na ilisaidia kwamba mwongozo mzima wa PostgreSQL upo kwa Kifaransa, lugha waliyosomea.

Mfumo wa zamani ulizimwa miezi mitano baadaye. Mama wa takwimu bado hupiga simu mara kwa mara kusema, "Mashini yenu imenifukuza tena," na kijana wa zamu humjibu, "Samahani mama, fungua upya, iko tayari." Kwenye seva ya ripoti tumemwongezea muda hadi saa mbili. Ijumaa jioni, hata hivyo, mtu wa zamu hupita mwenyewe ofisini kwake kabla ya kufunga.